Mashua Iliyozibwa Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Tarehe imetoka. Ijumaa tarehe 21 mashua iwe nje ya ghala, majini, inaelea. Jumatatu inayofuata wanavua paa la ghala kwa ukarabati. Msanifu wa majengo alitutangazia hayo akiwa mlangoni, kofia ya plastiki kichwani, ramani kwapani, kwa sauti ya upole kabisa. Isipoelea itakatwa vipande humu humu ndani. Sakafu ikishachimbwa hakutakuwa na njia ya kuitoa ikiwa nzima. Ikielea, itafungwa gatini mbele ya jengo, watu waje kuitazama, na ukutani litawekwa bamba la shaba lenye jina la fundi aliyeijenga. Jina la Baba.

Siku kumi na nane. Baba akasema zinatosha na kubaki.

Mimi niliitazama mashua. Miaka kumi na mmoja imekaa juu ya magogo, kavu. Mbao zimesinyaa. Ukisimama ndani mchana unaona mwanga kati ya ubao na ubao, toka juu mpaka karibu na mkuku, ule mti wa chini kabisa. Kuna mahali kidole changu cha mwisho kinapita.

Baba aliijenga humu humu ghalani mwaka mmoja kabla sijazaliwa, kwa tajiri mmoja aliyependa kushindana matanga. Huiita mwanangu wa kwanza. Mimi ni mdogo wake mashua. Nina miaka hamsini na mmoja na utani huo bado unaendelea. Siku za hasira nauona si utani.

Jumanne, 4 Machi

Magunia ishirini na sita, yote nimeyalowesha, yamefunika ubavu wa kushoto. Kesho wa kulia. Mgongo unauma, moyo umetulia kidogo.

Ndivyo inavyofanywa. Mbao iliyokauka hivi unainywesha kwanza, polepole, mpaka inenepe na kurudi mahali pake. Ndipo unapiga pamba kwenye mianya inayobaki — pamba, kitu laini. Mashua ikiingia majini itavuja siku mbili tatu, utapiga pampu, halafu mbao zitabanana zenyewe.

Haya niliyajua kwa machozi. Nilipokuwa na miaka tisa Baba alinipa kidau kibovu cha kuchezea. Nikaziba mianya yote kwa gundi ngumu, nikajiona fundi. Akanipa tupa ya chuma iliyopindwa ncha, akanikalisha chini niikwangue yote. Likizo nzima! Maneno yake sijayasahau hata moja. Mbao ikinywa maji inanenepa. Ukiizibia nafasi, itatafuta nafasi kwingine. Itavunja mbavu.

Tupa ile bado ninayo, iko kwenye sanduku la vifaa.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwa hasira, hata mwandiko wangu siutambui.

Asubuhi Baba aliyakuta magunia. Akauliza nani amemvika mwanawe matambara. Akayavua yote, moja moja, akayatupa nje. Kisha akafungua makopo — gundi ile ya kuchanganya makopo mawili, inayoganda ikawa jiwe. Akawaamuru maseremala wachanganye na unga wa mbao, washindilie kwenye mianya. Kavu hivyo hivyo. Juu mpaka chini.

Nikasema, Baba, tungeiloweka kwanza. Akanigeukia. "Wewe mashua umezijua lini?" Maseremala wote wawili wakacheka. Msanifu alikuwepo, naye akasifu: kazi safi, tena haraka. Nikafunga mdomo.

Sababu ninayo. Mwezi uliopita Baba alipima mlingoti mara tatu, na bado ukakatwa mfupi kwa mkono mzima. Maseremala walicheka ndani ya kola zao. Msanifu akanivuta pembeni, akauliza kama Mzee bado yuko sawa. Nikamjibu kwa ukali kwamba yuko sawa kabisa, na mwenye neno juu ya kazi yake aje kwangu, asithubutu kumsahihisha mbele za watu. Tangu siku hiyo hakuna anayemsahihisha. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia. Jioni, nyumbani, mlango umefungwa, chai mezani. Sikupaza sauti. Niliweka ile tupa iliyopindwa karibu na kikombe chake, nikamkumbusha kidau.

Akaishika. Akaigeuza. Akaigeuza tena mpaka chai ikapoa. Halafu nikaona jambo linamfikia usoni, kama mtu aliyekumbuka kwamba amemwacha mtoto sokoni.

"Mungu wangu. Nimefanya nini?"

Mikono yake ilikosa pa kukaa. Akasema kesho tunakwangua yote, alfajiri tunaanza. Maseremala atawaambia mwenyewe kwamba amekosea. Nikamwambia hakuna haja. Akasema haja ipo, fundi anayeficha kosa lake si fundi.

Nilimpenda sana usiku wa leo. Huyo ndiye Baba.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika ghalani saa mbili. Alikuwa ameshafungua kopo jingine. Anapiga mluzi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia tena. Tupa ile ile, meza ile ile. Uso ule ule ukamwanguka. Mungu wangu, nimefanya nini. Kesho tunakwangua. Nitawaambia mwenyewe.

Safari hii nilimwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: TUSIZIBE KWA GUNDI. Akaitia mfuko wa shati.

Jumatatu, 10 Machi

Makopo matatu leo. Karatasi aliitumia kufutia brashi.

Jumanne, 11 Machi

Jioni nimejaribu kwa mara ya tatu, nikaishia hapo.

Sitaki kuandika alivyokuwa. Nitaandika kidogo tu. Aliniuliza kama mashua itakufa. Nikasema sijui. Akaniuliza kama ni yeye aliyefanya. Nikasema ndiyo. Kwake kila mara ni mara ya kwanza. Mimi ndiye ninayejua kwamba nimempiga kofi lile lile mara tatu, na asubuhi anaamka mzima, anapiga mluzi, anafungua kopo. Basi namtesa kwa faida gani? Mashua haipati kitu. Yeye hapati kitu. Simwambii tena.

Jumatano, 12 Machi

Nimeanza kukwangua mwenyewe. Naingia ghalani kabla jua halijatoka, natoka maseremala wanapokuja. Leo nimepata mita nne. Nne! Gundi imeganda, tupa inateleza, vidole vimechubuka. Mianya yote ni zaidi ya mita mia tano.

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeniambia niende nikalale.

Ijumaa, 14 Machi

Baba ameona mahali nilipokwangua. Akaita watu wote. Akasema kuna adui anaharibu mashua, ana chuki, ana wivu, na amemwona kwa macho yake. (Hakumwona mtu.) Akazijaza upya zile mita kumi na moja zangu, akashindilia kwa nyundo ili zikae barabara. Kisha akamwomba Msanifu aweke mlinzi mlangoni.

Mlinzi ameanza kazi leo leo. Ni mtu mpole sana. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, binti fundi, hapa hapiti mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Nje ya ghala yuko Fundi Lipu, anabandua saruji ukutani. Jengo lilijengwa kwa mawe na chokaa. Miaka thelathini iliyopita mtu akalipaka saruji, akidhani analisaidia. Saruji ikafungia unyevu wa chumvi ndani na mawe yakaoza taratibu humo humo. Sasa Fundi Lipu anaibandua kwa patasi, na kila kipande kinang'oka na nyama ya ukuta. Huongea na ukuta. Anauambia pole, bibi, vumilia, bado kidogo.

Nilimuuliza kama anamchukia yule aliyepaka saruji. Akasema hapana, alikuwa na nia nzuri tu, na pengine alimaliza kwa wakati akasifiwa. Halafu akaniangalia mikono. Vidole vyote bandeji. Akauliza adui wa mashua anavaa viatu namba ngapi.

Nikamwambia yote. Sikupanga, yalitoka tu, nimekaa juu ya ndoo ya chokaa nalia mbele ya mtu ninayemjua wiki sita.

Hakunipa nasaha. Alisema tu kwamba nikisema, itakatwa, na Mzee ataona ikikatwa. Nisiposema, ataiona ikielea kwanza. Baada ya hapo hajui. Akarudi kwenye ukuta wake.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda ofisini kwa Msanifu kusema ukweli. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye: nilikwenda, niliketi, nilifungua mdomo.

Akasema afadhali nimekuja, kuna kitu anataka nikione. Akafungua boksi. Bamba la shaba. Jina la Baba, mwaka, na maneno "aliijenga na kuifufua". Aliniomba nihakikishe herufi za jina.

Herufi ziko sawa.

Nikauliza, ikitokea mashua haiwezi kuwa tayari Ijumaa, zinaweza kuongezwa wiki mbili? Akasema hata siku mbili haziwezekani, watu wa paa wameshakodiwa, mvua inakuja. Akauliza kuna tatizo? Nikasema hapana.

Nimetoka pale mwoga kuliko nilivyoingia. Nilijiambia ni kwa ajili ya Baba. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka kuwa mimi niliyetamka.

Jumatano, 19 Machi

Rangi imepakwa. Nyeupe, na mstari wa buluu. Huoni mwanya hata mmoja. Imependeza kiasi cha kuudhi.

Nimepima mbavu kwa kugongagonga na kifundo cha kidole. Mbao kavu, mbavu kavu, kila kitu kinaitika vizuri. Bado haijanywa kitu. Nimejikuta naomba maji yawe machache, kitu kisichoombwa na mtu yeyote wa kazi yetu.

Ijumaa, 21 Machi

Imeelea.

Iliteremka relini saa nne asubuhi, winchi inalia, Baba amesimama mbele kwenye sitaha, kashika waya wa mlingoti, hakutaka kukaa. Watu kama mia mbili gatini. Maji yakaipokea, ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikasimama. Makofi! Fundi Lipu alipiga mluzi wa vidole viwili. Msanifu alifuta macho, nikamwonea huruma, ndiyo, yeye.

Nilishuka ndani na tochi kutazama. Hakuna tone. Sakafu ya chini kavu kama kabati. Maseremala wakasema haijapata kuonekana, mashua ya umri huu kuingia majini bila kuvuja hata kijiko. Wakampa Baba mkono mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyecheka kwenye kola.

Mashua ya mbao isiyovuja siku ya kwanza ni mashua isiyo na nafasi. Kila fundi wa zamani anajua. Waliobaki wa zamani pale ni wawili, na mmoja amesahau.

Baba alinikumbatia. Akasema, "Mkubwa wako amesimama." Nikasema, nimemwona, Baba. Sijapata kumwona na furaha ile tangu Mama alipofariki. Nilitamani siku iishie hapo, kalenda ifungwe.

Jumamosi, 22 Machi

Tumehamia ndani ya mashua. Ni utaratibu wake: mashua ikiingia majini, fundi hukaa ndani siku tatu, anaisikiliza. Amekuja na godoro, sponji, ndoo, redio. Ndoo hana cha kuitilia. Anajisifu.

Mchana mlango wa chumba cha mbele ulianza kugoma. Jioni haufungi kabisa. Mbao zinakunywa.

Jumapili, 23 Machi

Droo hazifunguki. Rangi imechanika pembeni mwa ubao wa nne, ufa mwembamba, na ubao wenyewe umetokeza nje kidogo. Nimeupitishia kidole mara nyingi leo nikitumaini nimekosea.

Baba alilala mchana wote, redio kifuani. Nilimtazama. Miaka themanini na miwili. Mikono imelala juu ya redio, ya mtu ambaye hajafanya kosa lolote.

Nilikuwa na hasira naye wiki tatu. Leo sikuipata nilipoitafuta.

Jumatatu, 24 Machi

Saa tatu asubuhi. Wanavua paa la ghala, nyundo zinasikika mpaka huku majini. Ko, ko, ko. Kwa hiyo sauti ya kwanza ilipolia ndani ya mashua nilijiambia ni paa.

Ya pili nikaisikia kwa miguu.

Nimewasha tochi. Ubavu wa kushoto, taruma la sita — mbavu yenyewe, mti mnene kama mkono wangu — limekatika katikati, nyuzi zimesimama. La saba limepinda. Mbao zimekosa pa kwenda kwa upana, sasa zinasukuma nje, na mbavu zinashikilia mpaka zinashindwa. Ndivyo alivyoniambia nikiwa na miaka tisa.

Saa tatu na nusu. La saba limekwenda. Maji yameanza kuingia kwenye sakafu ya chini, membamba, masafi. Naandika kwa sababu sijui mikono yangu ifanye nini. Pampu inafanya kazi.

Baba ameamka.

Saa nne. Niandike hili sawasawa lilivyokuwa.

Alikaa kitako akainua kidole nisiseme. Akasikiliza. La nane likalia. Akainuka bila kunishika mkono, akaja akaweka kiganja kwenye ubao, akasogea, akaweka tena. Akachomoa kisu mfukoni, akakwangua rangi, akachokonoa mwanya. Gundi. Akaigonga kwa kisu, ikaitika kama jiwe.

Macho yake yalikuwa yale ya zamani. Sijayaona tangu lini, miaka mitatu? Kila kitu kilikuwamo.

"Nani amemziba huyu akiwa kavu?"

Nikaona yote mara moja. Uso ule ukianguka kwa mara ya nne, na safari hii mbavu zikilia kumthibitishia. Nikasema, "Mimi, Baba."

Alinitazama. Nilikuwa na miaka tisa.

"Nilikufundisha nini?"

"Mbao ikinywa maji inanenepa."

"Halafu?"

"Ukiizibia nafasi, itatafuta kwingine."

"Halafu?"

Sikuweza kuisema ya mwisho. La tisa likaisema.

 Nilingoja anifokee, nilitaka anifokee. Badala yake akakaa juu ya ndoo, akanishika mkono, akaona vidole na bandeji zake. Akavigeuza kimoja kimoja. Akasema kumbe ulijaribu kuitoa. Nikasema ndiyo. Akasema hata angekuwa yeye asingeiwahi, gundi hii ikiganda ndiyo basi.

Maji yamefika vifundoni. Fundi Lipu ameona mashua imelala upande, anaita watu. Nyundo za paa zimenyamaza. Namwona Msanifu kwa dirisha la duara, anakimbia gatini, kofia mkononi.

Baba amesimama, anafunga vifungo vya shati mpaka juu. Amesema nisitoe sauti. Mimi bado ni kijana, nina kazi mbele yangu, mtu akijua fundi fulani alifanya kosa kama hili hapewi tena hata dau la kuziba. Yeye ni mzee, jina lake halina tena pa kupelekwa.

"Nitawaambia ni mimi," amesema. "Wewe usinipinge mbele za watu."

Nimemshika shati. Ameuondoa mkono wangu taratibu, alivyokuwa akiuondoa kwenye misumari nilipokuwa mdogo. Msanifu ameshaweka mguu kwenye ubao wa kuvukia. Baba anapanda ngazi, mkono mmoja kwenye mbao, amevua kofia.